Gurugram au Noida: mji upi wa kando ya Delhi utakufaa?

Anayetoka kwetu Afrika Mashariki kwenda Delhi kutibiwa, kusoma au kununua bidhaa mara nyingi halali Delhi yenyewe. Barua ya hospitali inasema Gurugram. Barua ya chuo inasema Greater Noida. Mwaliko wa maonyesho ya biashara unataja India Expo Mart, na huo ukumbi hauko Delhi. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Nifikie wapi? Nipange wapi? Nikilala upande mmoja na shughuli iko upande wa pili, nitaweza kwenda na kurudi kila siku?

Miji hii hutajwa pamoja kana kwamba ni mitaa miwili ya jirani. Ukweli ni kwamba iko katika majimbo mawili. Gurugram iko Haryana, kusini-magharibi mwa Delhi. Noida iko Uttar Pradesh, mashariki, ng'ambo ya mto Yamuna. Polisi ni wengine, kodi nyingine, mamlaka nyingine, na kati yao kuna jiji zima la Delhi la kukatiza. Sehemu kubwa ya yote miwili ilikuwa mashamba na vijiji miaka hamsini iliyopita. Ila ilikua kwa njia mbili tofauti kabisa, na tofauti hiyo utaikuta leo kwenye bomba la maji, kwenye njia ya waenda kwa miguu na kwenye hati ya nyumba. Kwa hiyo naanza na historia, maana bila hiyo ushauri wa wapi pa kupanga unakuwa wa kubahatisha.

Gurugram: mji uliojengwa na wenye kampuni

Hadi mwaka 2016 jina rasmi lilikuwa Gurgaon, na wenyeji wengi bado wanaliita hivyo. Mapokeo ya Kihindu yanasema kijiji hicho alipewa Drona, mwalimu wa mishale katika Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India. Katika miaka ya 1970 ulikuwa mji mdogo wa kawaida, umezungukwa na vijiji vya wakulima wa ngano na haradali, wengi wao wa jamii za Ahir, Jat na Gujjar, kwenye ardhi kavu inayopakana na vilima vya Aravalli.

Mambo mawili yaliuamsha. La kwanza ni magari. Sanjay Gandhi, mtoto wa waziri mkuu Indira Gandhi, alianzisha kampuni ya Maruti mwaka 1971 na kiwanda kikawekwa hapo. Gari alilolitaka halikufika sokoni. Baada ya kifo chake mwaka 1980 serikali ikaichukua kampuni, ikaingia ubia na Suzuki ya Japani mwaka 1982, na Desemba 1983 gari la kwanza, Maruti 800, likakabidhiwa mteja. Viwanda vya vipuri vikafuata, na hadi leo ukanda wa Gurugram na Manesar ni wa mafundi na vipuri.

La pili ni ardhi. Kampuni ya DLF, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilikuwa ikipima na kuuza viwanja ndani ya Delhi. Sheria ya mwaka 1957 ikaikabidhi mamlaka ya serikali, DDA, kazi ya kuendeleza ardhi ya Delhi, na kampuni binafsi zikafungiwa mlango. K. P. Singh, mkwe wa mwanzilishi wa DLF, akaangalia ng'ambo ya mpaka. Haryana ilikuwa na sheria ya mwaka 1975 iliyoruhusu kampuni binafsi kupewa leseni ya kujenga makazi. Akaanza kwenda kwa wakulima mmoja mmoja. Mashamba yalikuwa ya ukoo, yamegawanyika vipande vidogo, kila mwenye hisa lazima akubali, na fedha hakuwa nazo za kutosha. Alinunua sehemu kubwa kwa mkopo kutoka kwa wakulima wenyewe. Hivyo ndivyo maelfu ya ekari yalivyopatikana.

Mwaka 1997 kampuni ya Marekani ya GE ilifungua ofisi Gurgaon ya kufanya kazi za fedha na huduma kwa simu kwa ajili ya wateja walio mbali. Ofisi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kampuni ya Genpact. Kampuni nyingine zikaona kwamba vijana wa Kihindi wenye Kiingereza kizuri wanaweza kufanya kazi usiku wakati Marekani ni mchana, na minara ya vioo ikaanza kupanda kwenye mashamba ya haradali. Leo Cyber City ni msitu wa ofisi za kampuni za kimataifa.

Lakini tazama mwaka wenyewe: halmashauri ya jiji la Gurgaon iliundwa 2008. Kwa miaka mingi watu walikuwa wanahamia kwenye maghorofa bila serikali ya jiji ya kuwajibika kwa mitaro, majitaka na njia za miguu. Kila mjenzi alimaliza mambo yake ndani ya uzio: kisima, jenereta, walinzi, bustani. Baina ya uzio na uzio hapakuwa na mwenyewe. Mabwawa na mikondo ya asili ya maji ya mvua ikajengewa juu. Julai 2016 mvua moja ilisababisha msongamano wa magari ambao watu walilala barabarani, na picha zake zikazunguka dunia nzima.

Ndiyo maana Gurugram inamtendea vizuri sana mtu aliye ndani ya geti, na vibaya mtu anayetembea kwa miguu nje ya geti. Ukilielewa hilo, nusu ya uamuzi wako umekwisha kuufanya.

Noida: mji uliochorwa na serikali

Noida ilizaliwa tarehe 17 Aprili 1976, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na Indira Gandhi. Serikali ya Uttar Pradesh iliunda mamlaka maalumu ya kuendeleza viwanda, na jina la mji ni ufupisho wa jina la mamlaka hiyo. Lengo lilikuwa kupunguzia Delhi viwanda vidogo vilivyobanana. Hapa hakuna tajiri aliyekwenda kubembeleza mkulima. Mamlaka ilitwaa ardhi kwa nguvu ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1894, ikalipa fidia, ikachora barabara, ikachimba mitaro, ikagawa eneo kwa sekta zenye namba, kisha ndipo ikatoa viwanja. Mwaka 1991 ikaundwa mamlaka nyingine kwa ajili ya Greater Noida, kusini zaidi, yenye barabara pana kuliko hata za Noida.

Utaona matokeo siku ya kwanza. Sekta zina mpangilio, miti ipo kando ya barabara, na ukimwambia dereva wa bajaji namba ya sekta anajua pa kwenda. Gurugram nayo ina sekta zenye namba, ila jamaa zangu waliokaa kule wanaelekeza kwa majina ya wajenzi na maghorofa kuliko kwa namba.

Gharama ya mpangilio huo waliibeba wakulima. Walilipwa kiasi kilichopangwa na serikali, kisha wakaona ardhi ileile inauzwa kwa wajenzi wa maghorofa kwa bei isiyolingana kabisa na waliyopewa. Mei 2011 ugomvi wa ardhi karibu na barabara ya kasi ya Yamuna ulifika pabaya katika vijiji vya Bhatta na Parsaul: wakulima na polisi walipambana na watu wakafa pande zote mbili. Mwaka huohuo mahakama zilitengua utwaaji wa ardhi ya kijiji cha Shahberi na kuamuru fidia iongezwe kwa wakulima wa vijiji vingine vingi vya eneo hilo. Sheria ile ya 1894 ikafutwa, na nyingine iliyopitishwa 2013 ikaanza kutumika Januari 2014.

Wengine husema basi njia ya Gurugram ilikuwa ya haki zaidi, kwa sababu mkulima aliuza kwa hiari. Mimi sikubali moja kwa moja. Mwenye ardhi nyingi alitajirika, kweli. Lakini kibarua aliyelima shamba la mwingine, na mchungaji aliyetegemea malisho ya kijiji, hakuwa na hisa ya kuuza. Huyo hakupata kitu, iwe Haryana au Uttar Pradesh, na watoto wake ndio leo unaowakuta wakifagia ngazi na kulinda mageti.

Vijiji vyenyewe havikuondoka. Nathupur iko pembeni ya Cyber City. Chakkarpur na Sikanderpur zimezungukwa na maghorofa. Upande wa Noida kuna Atta, Harola, Nithari. Mashamba yaliuzwa au kutwaliwa, lakini eneo la makazi lilibaki kwa wanakijiji, na hapo kanuni za ujenzi ni legevu. Wenye nyumba wamepandisha ghorofa nne, tano, kwenye vichochoro ambavyo pikipiki mbili zinapishana kwa shida, na wanapangisha chumba kimoja kimoja. Hapa ndipo penye kodi nafuu katika miji yote miwili. Kwa kijana mwenye afya anayebana matumizi panafaa. Kwa mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, au kwa familia yenye mtoto mchanga, usikubali, hata dalali akushushie bei vipi.

Ukiwa unakwenda kutibiwa

Gurugram inaongoza, na sababu ni hospitali zilizokusanyika jirani kwa jirani. Medanta, iliyoanzishwa na daktari wa moyo Naresh Trehan na kufunguliwa 2009, iko Sekta 38. Artemis iko Sekta 51. Hospitali kubwa ya Fortis iko Sekta 44. Zote zina idara ya wagonjwa wa kimataifa, huandika barua za viza, hutuma gari uwanja wa ndege, na hutafuta mkalimani. Uwanja wa kimataifa wa Indira Gandhi uko upande huohuo wa Delhi, hivyo mgonjwa anashuka na kufika kitandani bila kukatiza jiji. Kuzunguka hospitali hizi kuna nyumba nyingi za wageni zenye jiko, na jiko ni jambo kubwa: anayesubiri kupandikizwa figo anakaa wiki nyingi, na chakula cha hotelini kila siku kinamaliza fedha na hamu ya kula.

Noida ina hospitali ya Fortis Sekta 62 na hospitali kubwa Sekta 128 iliyokuwa ikiitwa Jaypee, sasa iko chini ya kampuni ya hospitali ya Max. Ni nzuri. Na kama barua yako ni ya Apollo ya Sarita Vihar, hiyo iko Delhi kusini-mashariki, karibu na mpaka wa Noida. Hapo Noida inakuwa karibu kuliko Gurugram. Watu wengi hupangiwa nyumba Gurugram kwa mazoea tu huku hospitali yao iko Sarita Vihar. Angalia ramani kabla ya kulipa.

Jambo moja la upandikizaji wa viungo nalisisitiza kwa sababu linaumiza familia. Sheria ya India ya mwaka 1994 inadhibiti sana nani anaweza kumtolea nani kiungo. Mgonjwa wa kigeni anahitaji nyaraka za kuthibitisha undugu na mtoaji, pamoja na uthibitisho wa ubalozi wa nchi yake, na kamati inakaa kuzipitia. Vyeti vya kuzaliwa vyenye majina yanayotofautiana herufi mbili tatu vinaweza kuwachelewesha mkiwa mnalipa nyumba kila siku. Yasawazisheni nyumbani kabla ya kupanda ndege.

Ukiwa unakwenda kusoma

Hapa Noida, na hasa Greater Noida, ndiyo inayobeba wanafunzi wetu wengi. Amity iko Noida Sekta 125. Sharda, Galgotias na vyuo vingine vingi viko Greater Noida, hasa eneo la Knowledge Park na kando ya barabara ya Yamuna. Kodi ya Greater Noida ni ya chini kuliko ya Gurugram kwa nyumba ya hadhi ileile, na ukitafuta Mtanzania, Mkenya au Mkongo wa kushauriana naye utampata. Kabla ya yote, uliza tume ya vyuo vikuu, yaani TCU kama unatoka Tanzania, au CUE kama unatoka Kenya, iwapo chuo na programu uliyochagua vinatambuliwa. Wakala wa vyuo hulipwa kamisheni akikupeleka. Si kazi yake kukukatisha tamaa.

Sitaficha lililotokea Machi 2017. Baada ya kijana mmoja wa mtaani Greater Noida kufariki, uvumi ulisambaa ukiwalaumu wanafunzi wa Nigeria, na makundi ya watu yakawashambulia Waafrika, pamoja na ndani ya jumba la maduka, huku kamera zikirekodi. Mabalozi wa Afrika walilalamika vikali. Wanafunzi wengi wanamaliza miaka yao pale salama na kuondoka na marafiki wa Kihindi wa kudumu, na mzazi anastahili kuyajua yote mawili. Mwaka wa kwanza kaa hosteli ya chuo. Jiunge mapema na umoja wa wanafunzi wa nchi yako. Hifadhi namba ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni na ya ubalozi kwenye simu, na uwe na mwenyeji wa kumpigia usiku.

Gurugram ina chuo mashuhuri cha uongozi wa biashara, MDI, kilichoanzishwa 1973, na vyuo kadhaa binafsi pembezoni. Anayesoma shahada ya uzamili ya biashara na anatafuta mafunzo kazini kwenye kampuni kubwa, Gurugram ina faida: ofisi ziko mlangoni. Kwa shahada ya kwanza sioni sababu ya kulipa kodi ya Gurugram.

Biashara na bidhaa

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Gikomba aangalie anachonunua. Vipuri vya magari: Manesar na Gurugram. Nguo za jumla za viwandani: Udyog Vihar, Gurugram, ingawa Noida nayo ina viwanda vingi vya nguo. Elektroniki: Noida. Samsung ilizindua upanuzi wa kiwanda chake cha simu Sekta 81 mwezi Julai 2018, na wakati huo walikitangaza kuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Kampuni ya programu ya HCL ina makao yake Noida, na vituo vingi vya televisheni vya habari za Kihindi vinarusha matangazo kutoka Film City, Sekta 16A.

Maonyesho makubwa ya kazi za mikono, na yale ya magari ya Auto Expo kuanzia 2014 hadi 2023, yamekuwa yakifanyika India Expo Mart, Knowledge Park II, Greater Noida. Ukija kwa maonyesho usipange chumba Gurugram hata kama bei inavutia. Asubuhi nzima itaishia barabarani. Ukija kukutana na wakubwa wa kampuni ya kimataifa, kinyume chake: miadi mingi itakuwa Cyber City au barabara ya Golf Course.

Njia, hewa na maji

Metro ya Delhi imefika miji yote miwili, lakini haijafika sawasawa. Noida iliunganishwa Novemba 2009 kwa njia ya Bluu, ikapata njia ya Magenta Desemba 2017, na Januari 2019 ikafunguliwa njia ya Aqua ya kilomita karibu 30 kuelekea Greater Noida. Kuna habari ya pembeni inayopendeza hapo: mawaziri wakuu wengi wa jimbo la Uttar Pradesh walikwepa Noida kwa miaka mingi kwa imani kwamba anayekanyaga anapoteza kiti, hadi Yogi Adityanath alipokwenda kwa uzinduzi wa Magenta. Na amebaki madarakani.

Mgeni ajue mambo mawili. Njia ya Aqua inaendeshwa na shirika tofauti, na inakutana na Bluu kwa kituo cha Sekta 51 kutazamana na Sekta 52: unatoka kimoja, unatembea, unaingia kingine. Na kituo cha uwanja wa ndege kwenye Magenta ni cha Terminali 1, wakati ndege za kimataifa hutua Terminali 3. Ukitoka Noida kwa metro kwenda Terminali 3, panda Bluu hadi Dwarka Sekta 21, kisha ubadilishe kwenda njia ya haraka ya uwanja wa ndege.

Gurugram ilipata njia ya Njano Juni 2010, na Novemba 2013 ikapata Rapid Metro inayozunguka Cyber City, iliyojengwa kwa fedha binafsi, kama ilivyo desturi ya mji huo. Sehemu kubwa ya sekta mpya bado ziko mbali na kituo. Jiwe la msingi la njia nyingine ya kilomita 28.5 liliwekwa Februari 2024. Bila gari au bajeti ya teksi, usipange nyumba Gurugram isipokuwa kando ya njia ya Njano au Rapid Metro. Kwenda Noida kutoka Gurugram kwa metro ni Njano hadi Hauz Khas, kisha Magenta hadi Botanical Garden. Panga zaidi ya saa moja, na kila siku kwa mwaka mzima inachosha mtu.

Uwanja mpya wa ndege wa Noida uko Jewar, kando ya barabara ya kasi ya Yamuna. Jiwe lake la msingi liliwekwa Novemba 2021. Kwa mkaaji wa Greater Noida huu unabadilisha hesabu. Ila soma tiketi yako kwa makini: Jewar na Indira Gandhi ni viwanja viwili vilivyo mbalimbali sana, na abiria mwenye kuunganisha ndege hawezi kubahatisha.

Hewa ni mbaya kotekote kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Januari, wakulima wa majimbo ya jirani wanapochoma mabua na baridi ikafunika moshi usipande. Katika orodha ya miji ya mwaka 2018 iliyotolewa na IQAir na Greenpeace, Gurugram ilishika namba moja duniani kwa vumbi laini hewani. Noida na Greater Noida hazikuwa mbali. Hivyo mwenye pumu, na mgonjwa wa mapafu ambaye upasuaji wake unaweza kusubiri, aombe miadi ya Februari au Machi. Januari pia ni baridi ambayo mtu wa pwani hajawahi kuiona, na nyumba nyingi hazina vipasha joto. Mei na Juni joto hupita nyuzi 40.

Maji ya kunywa nunua ya madumu au hakikisha nyumba ina mashine ya kuchuja. Kwenye majengo mapya ya Gurugram uliza swali hili kwa sauti: maji yanatoka kwa serikali au kwa maboza? Kisha uliza umeme wa jenereta unalipwa na nani, kwa sababu bei yake ni kubwa kuliko ya gridi na hujumlishwa kwenye bili ya jengo.

Kuhusu kununua

Raia wa kigeni asiye na asili ya Kihindi na asiyeishi India kwa kawaida haruhusiwi kununua nyumba huko, anapanga. Lakini tuna ndugu wengi wa Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Kampala wenye kadi ya OCI, inayotolewa kwa raia wa nchi nyingine wenye asili ya India, na hao wanaweza kununua nyumba, ila si shamba. Kwao nasema hivi. Ardhi ya Noida ni ya mamlaka, mnunuzi anapewa kwa upangishaji wa miaka mingi, jambo ambalo Mtanzania mwenye hati ya miaka 33 au 99 atalielewa. Hatari ya Noida imekuwa kwa wajenzi: maelfu ya watu walilipia nyumba za kampuni ya Amrapali zisizokamilika, mpaka Julai 2019 Mahakama ya Juu ilipofuta usajili wake na kukabidhi ujenzi kwa shirika la umma la NBCC. Agosti 2022 minara miwili ya kampuni ya Supertech, Sekta 93A, ya karibu mita 100, ilibomolewa kwa baruti kwa amri ya mahakama hiyohiyo, kwa kuwa ilijengwa kinyume cha kanuni.

Usiseme basi Gurugram ni salama. Februari 2022 sehemu ya ghorofa la Chintels Paradiso, Sekta 109, iliporomoka na wanawake wawili wakafa. Jengo halikuwa hata la zamani. Nunua nyumba iliyokwisha, yenye cheti cha kukaliwa, na mhandisi wako mwenyewe aikague.

Unapopanga

Dalali atakuuliza kama unakula nyama, kwa sababu wenye nyumba wengi hawataki ipikwe jikoni kwao. Jibu ukweli. Ukifukuzwa mwezi wa pili utapoteza fedha ya dhamana. Unga wa mahindi upo, wanauita makki ka atta, ni wa njano na ugali wake unashikana vizuri; mboga ya majani ya haradali ya majira ya baridi inaukubali kabisa.

Kubwa zaidi ni makaratasi. Mwenye nyumba anayempokea mgeni wa nchi ya nje anatakiwa kujaza fomu ya kumwandikisha, iliyojulikana kwa miaka mingi kama Form C, na kuiwasilisha kwa ofisi ya wageni, FRRO, ndani ya saa 24. Mwenye viza ya masomo ya muda mrefu anajiandikisha mwenyewe FRRO ndani ya siku 14 baada ya kuingia, na bila fomu hiyo na mkataba wa pango usajili huo unakwama. Wenye vyumba wengi wa vijijini, Nathupur au Harola, hawapendi kujaza. Nyumba za wageni zilizosajiliwa karibu na hospitali, na hosteli za vyuo, wamezoea. Muulize mwenye nyumba kuhusu fomu hiyo kabla hujafungua begi, na akisita, tafuta nyumba nyingine jioni hiyohiyo.